Msimamizi wa Kompyuta Yetu Ni Nani?

Kompyuta yetu hukaa sebuleni, kwenye kona kati ya kabati la vyombo na dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mama mkwe alituletea tulipohamia mtaa wa Umoja, Nairobi. Ni ya mezani, ilitumika Uingereza kabla ya kufika kwetu. Niliinunua shilingi 18,000 pamoja na skrini, na muuzaji akaniongezea kipanya cha bure kilichokufa baada ya wiki mbili. Ndani yake mna vipimo vya wateja wangu (nashona sare za shule), vitabu vya chama chetu cha akina mama 14 ambacho mimi ndiye mweka hazina, picha za harusi ya dada yangu, na michezo ya watoto. Tangu mwaka juzi imekuwa pia kompyuta ya mpwa wangu, mtoto wa kaka, anayesoma chuo mjini na kulala kwetu kwa sababu nauli ya kutoka Kitengela kila siku ingemmaliza.

Ijumaa moja mwishoni mwa Juni, siku zile ambazo nusu ya Nairobi hukimbizana na ritani za ushuru kabla tarehe 30 haijafika, niliketi saa tatu usiku nijaze yangu. Feni ilikuwa ikivuma kabla sijafungua chochote. Pale chini kulia, karibu na saa, ile ngao ndogo ya Windows ilikuwa na alama nyekundu ya X. Nikabofya. Ulinzi umezimwa. Sawa, nikasema, nitauwasha. Swichi ipo, lakini ni ya kijivu, ukiibonyeza haisogei, na juu yake kuna maandishi mekundu ya Kiingereza yanayosema kwamba mpangilio huu unasimamiwa na msimamizi wako.

Nikasoma tena. Msimamizi wangu? Kompyuta iko sebuleni kwangu. Tokeni za stima nanunua mimi. Msimamizi ni nani tena?

Kwanza nililaumu betri. Ndani ya kompyuta za mezani kuna betri ya mviringo kama sarafu, inaitwa CR2032, ya volti 3, na kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na tarehe wakati stima haipo. Yetu ilishakufa zamani, kwa hiyo stima ikipotea na kurudi kompyuta huamka ikidhani bado ni miaka kumi iliyopita. Saa ikikosea kiasi hicho mambo mengi huharibika: tovuti salama zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vina tarehe, na antivirusi inashindwa kujisasisha. Nikaangalia saa. Ilikuwa sawa hadi dakika. Nikaiomba betri msamaha.

Halafu nikafikiria antivirusi nyingine. Windows ina adabu hiyo: ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine, yake yenyewe hujitoa mlangoni imwachie mgeni kazi. Wakati mwingine mgeni anaondoka, mabaki yake yanabaki, na mwenyeji hajui kama arudi zamu au la. Nikapekua orodha ya programu. Hakukuwa na mgeni wa aina hiyo.

Basi nikaamua kupakua kifaa cha kukagua virusi kutoka mtandaoni. Ukurasa ukakataa kufunguka. Nikajaribu kampuni ya pili, ya tatu. Zote zimekufa. Gazeti linafunguka, video zinafunguka, ukurasa wa kanisa unafunguka. Ni tovuti za antivirusi tu zisizofunguka. Nikachukua simu, iko kwenye Wi-Fi ileile, nikaandika anwani ileile. Ikafunguka mara moja.

Hapo tumbo likanikata. Mtandao ni mzima. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinachojua hospitali ziko wapi na kinaziba njia zote za kwenda huko.

Baadaye nilisoma kwamba ujanja huu ni wa zamani. Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa Novemba 2008 na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, kilifanya hivyohivyo: kilizima masasisho ya Windows na kuzuia tovuti za makampuni ya antivirusi. Microsoft ilitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata waliokitengeneza. Wataalamu walibuni kipimo cha kuchekesha kwa wepesi wake: ukurasa mmoja uliojaa nembo zilizoletwa moja kwa moja kutoka tovuti zile zilizokuwa zikizuiwa. Ukiziona zote, huenda u mzima. Baadhi zikikosekana, ugua pole. Mimi bila kujua nilikuwa nimefanya kipimo hichohicho kwa simu na kompyuta, saa nne usiku, chai ikipoa.

Njia iliyozibwa huwa mara nyingi ni faili dogo sana. Linaitwa hosts, halina hata kiambishi cha mwisho, na linakaa ndani ya Windows, System32, drivers, etc. Kabla kompyuta haijauliza mtandao kwamba tovuti fulani iko wapi, hutazama humo kwanza, kama mtu anayetazama namba kwenye kijitabu chake kabla ya kuulizia jirani. Kijitabu kikisema anwani ya tovuti ya antivirusi ni 0.0.0.0, yaani hakuna kitu hapo, kompyuta inaamini na safari inaishia mlangoni. Faili letu lilipaswa kuwa karibu tupu. Nilikuta mistari mingi mno, jina baada ya jina la kila kampuni ya usalama niliyowahi kuisikia na nyingine ambazo kirusi kilizijua kabla yangu.

Sasa niungame kosa langu, maana nimeona watu wengi wakilifanya. Nilipoona hivyo nilipata kiwewe, nikakimbilia kubadilisha nywila. Za barua pepe, za akaunti ya ushuru, zote. Nilizibadilisha kwenye kompyuta ileile. Ni kama kumwona mwizi sebuleni, kisha ukahesabu pesa zako mbele yake ili uhakikishe zipo. Saa sita usiku simu ikalia: barua pepe yangu imefunguliwa kutoka nchi nyingine, je, ni wewe? Si mimi. Ikabidi nichomoe waya wa mtandao kwenye kompyuta, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa, halafu nianze upya na nywila zote kwa simu, na kila akaunti nibonyeze ile sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia.

Hiyo ya kuondoa vifaa vyote ina maana kuliko inavyoonekana. Siku hizi virusi vingi vya aina hii havisubiri uandike nywila. Vinachukua zile zilizohifadhiwa kwenye brauza, na vinachukua kuki pia, yaani vijifaili ambavyo brauza hutumia kukumbuka kwamba umeshaingia. Kuki ya kuingilia ni kama muhuri unaogongwa mkononi mlangoni kwenye tamasha: ukishakuwa nao, unapita mbele ya askari bila kuulizwa tiketi. Mwenye kuiba kuki yako anaingia bila nywila na bila ile namba ya siri inayotumwa kwa simu, kwa sababu wewe ulishaulizwa vyote hivyo na ukapita. Mpaka ufute mihuri yote.

M-Pesa haikuguswa. Hiyo iko kwenye laini ya simu na PIN yake iko kichwani mwangu. Nataja kwa kuwa mwenyekiti wa chama aliponipigia asubuhi hilo ndilo swali lake la kwanza, na la pili, na la tatu.

*

Jumamosi sikwenda dukani. Niliazima laptopu ya jirani, nikaiweka kando ya yetu iliyokatiwa mtandao, nikawa nasoma huku na kutibu kule. Kitu nilichotaka kujua kabla ya dawa ni historia ya ugonjwa.

Windows huandika kumbukumbu ya kila kinachoipata, na antivirusi yake ina daftari lake humo ndani. Watu wengi hawajawahi kulifungua, nami nilikuwa mmoja wao. Kila tukio lina namba. 1116 maana yake antivirusi imeona kitu kibaya. 5001 maana yake ulinzi wa wakati wote umezimwa. 5007 maana yake mipangilio imebadilishwa. Nikarudi nyuma siku kwa siku hadi nikafika Jumatano.

Jumatano, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri: 1116. Antivirusi ilikuwa imeona. Ilikuwa imepiga kelele, imeandika jina la faili na mahali lilipo, kwenye folda ya mpwa wangu. Saa tisa na ishirini: 5001. Dakika nane baadaye mlinzi aliyepiga kelele amefungwa mdomo. Saa tisa na ishirini na tatu: 5007, tena 5007, tena 5007.

Zile dakika nane ndizo zilizonishughulisha. Windows ina kinga ya kuzuia programu zisichezee antivirusi yake kimyakimya. Kwa kompyuta ya nyumbani, kwa kawaida mtu mwenyewe lazima afungue ukurasa wa ulinzi, aizime kinga hiyo kwa mkono, na akubali onyo. Kirusi kilikuwa bado mlangoni. Aliyefungua alikuwa ndani.

Mpwa wangu alipoamka nikampikia chapati kwanza. Kuna maswali ambayo huulizi mtu mwenye njaa.

"Jumatano alasiri ulikuwa unafanya nini kwenye kompyuta?"

"Kazi tu, Shangazi."

"Ulizima antivirusi?"

"Si kuzima. Niliipumzisha."

Anapiga video za bathidei na ruracio (sherehe za mahari), anazihariri usiku, anapata vijisenti vya kujikimu. Programu nzuri ya kuhariri hulipiwa kila mwezi, na kwa dola. Akapata video mtandaoni ya kijana mchangamfu akionyesha jinsi ya kuipata bure. Faili limebanwa na kufungwa kwa nywila, na nywila imeandikwa papo hapo chini ya video: 1234. Mtu angeuliza kwa nini ufunge kitu halafu uwape watu wote ufunguo. Ni kwa sababu antivirusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa. Askari wa mlangoni pale maduka makubwa anapekua begi lako, lakini begi likiwa na kufuli ataligusagusa tu juu na kukupitisha. Ukishafika ndani unalifungua mwenyewe.

Alipolifungua, antivirusi ikapiga kelele ile ya saa tisa na dakika kumi na mbili na kulifuta faili. Akarudi kwenye video. Kijana mchangamfu alikuwa ameshatabiri: antivirusi yako itasema ni kirusi, usiogope, huwa inasema hivyo kwa kraki zote (programu za kulipia zilizovunjwa kufuli), izime dakika tano tu. Na hapo ndipo utamu wa utapeli huu ulipo, kwa sababu ni kweli nusu. Antivirusi hukataa kraki nyingi. Kwa hiyo onyo la kweli na onyo la kawaida yanafanana, na aliyeambiwa mapema kwamba kengele italia haishtuki ikilia.

"Na baada ya dakika tano ukaiwasha?"

"Ilikataa."

"Ikakataaje?"

"Iliandika inasimamiwa na msimamizi. Nikajua ni wewe umeniona ukaifunga."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mtoto ameona maandishi yaleyale niliyoyaona mimi, na siku mbili amekuwa akininyemelea jikoni akidhani nimemnasa na nangoja aungame. Mimi nikidhani ni mtu mwingine. Kila mmoja anamwogopa msimamizi, na msimamizi hayupo.

Tena hakuipata hata hiyo programu ya video. Akaunti yake ya mtandao wa kijamii, ile anayotafutia wateja, ilikuwa tayari inawaalika watu watume elfu moja warudishiwe elfu tano.

*

Maneno hayo kuhusu msimamizi yana asili halali kabisa. Kampuni yenye kompyuta 300 haiwezi kumtuma mtu wa teknolojia kila meza akaweke mipangilio. Anaandika amri mara moja, amri inafika kila mashine na kukaa ndani ya rejistri, lile daftari kubwa la ndani la Windows, kwenye sehemu iitwayo Policies. Windows ikikuta amri hapo inaitii, na inakuambia wewe mtumiaji kwamba jambo hili limeamuliwa na wakubwa. Haina njia ya kuuliza mkubwa mwenyewe ni nani. Yeyote mwenye haki za msimamizi anaweza kuandika hapo, na kwetu kila programu iliyowahi kukubaliwa ilikuwa na haki hizo, maana kompyuta ilikuwa na akaunti moja tu, haina nywila, na ilikuwa ya msimamizi. Baba, mama, mpwa, mtoto wa darasa la tano: wote wasimamizi.

Nikafungua rejistri. Tafadhali, anayetaka kufanya hivi aihifadhi nakala ya sehemu anayoigusa kabla ya kufuta kitu. Kuna kitufe cha kuitoa nje kama faili. Ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows Defender (ndilo jina la antivirusi ya Windows), kwenye kompyuta ya nyumbani huwa hakuna la maana. Kwetu palikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa ndani ya Real-Time Protection: DisableRealtimeMonitoring, thamani yake 1. Hilo ndilo lililofanya swichi iwe ya kijivu. Nikalifuta.

La pili lilikuwa DisableAntiSpyware, nalo ni 1. Nikalitazama kwa muda. Tangu 2020 Windows za kawaida hupuuza amri hiyo, kwa hiyo kirusi cha mwaka huu hakina haja kubwa nayo. Ilikuwa kama kukuta ndani ya nyumba nyayo za mtu aliyepita zamani.

Nikaenda kwenye orodha ya misamaha, yaani folda ambazo antivirusi imeambiwa isizikague. Misamaha miwili. Mmoja ni C: yote, yaani diski nzima. Yote! Mlinzi ameajiriwa, amepewa sare na kirungu, halafu akaambiwa alinde kila mahali isipokuwa ndani ya ua. Huo ulikuwa wa Jumatano. Mwingine ulikuwa wa folda ndogo ndani ya Program Files, na nilipotazama folda hiyo iliundwa lini, tarehe ikawa ileile iliyoandikwa kwenye risiti yangu ya kununulia kompyuta.

Hiyo ilikuwa aktiveta. Fundi aliyeniuzia, kwenye jengo moja katikati ya jiji lenye ngazi nyembamba na maduka ya simu kila upande, aliweka Windows ya toleo la makampuni na programu ya kuidanganya iamini imelipiwa. Ili programu hiyo isifutwe, akaambia antivirusi iifumbie macho. Nakumbuka nilimsimamia pale. Nilimwona akizima kitu, nikamuuliza, akasema, "Hii inasumbua tu, Mama, inafanya mashine iwe slo." Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimefundishwa somo lilelile alilofundishwa mpwa wangu, na nililipia.

Sisi watu wa hapa tuna mazoea ya kukubali, na sidhani ni ujinga. Wenye biashara ndogo tunaojaza ritani kwenye iTax, tovuti ya ushuru, kwa karatasi ya Excel tunajua: karatasi hiyo hufanya kazi kwa makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani yake, na tangu 2022 Microsoft ilipoanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni, inabidi uende kwenye sifa za faili, uweke tiki ya kulifungulia, ulifungue tena, uruhusu. Ni faili halali na hakuna njia nyingine ya kulitumia. Lakini mkono unajifunza. Mwaka baada ya mwaka unajifunza kwamba onyo ni hatua mojawapo ya kazi, kama kupangusa kiti kabla ya kukaa.

Nikafuta misamaha yote miwili, nikawasha kompyuta upya. Swichi ikasogea! Ngao ikawa ya kijani. Nikamwita mume wangu aje aone. Kabla hajamaliza kuvaa ndala, C: ilikuwa imerudi kwenye orodha.

Jioni ile niliifuta C: mara tatu. Mara ya tatu nikatazama saa: inarudi baada ya kuwasha, ndani ya dakika moja. Kitu kinachorudi kwa saa ni kitu kilichopangiwa ratiba. Windows ina kipanga kazi, na ndani yake nikakuta kazi moja yenye jina la kuheshimika, linalofanana na masasisho ya Windows, ila masasisho ya kweli hayaendeshwi na faili lililojificha ndani ya AppData, folda ya mtumiaji, lenye jina la herufi zilizotupwatupwa. Kazi yake ilikuwa moja: kompyuta ikiwaka, na kila saa baada ya hapo, rudisha msamaha. Kung'oa majani bila mzizi nimewahi kufanya shambani, sikujua nitafanya na sebuleni.

Nilifuta kazi hiyo na faili lake, nikasafisha hosts, halafu kwa flashi nikaleta kutoka laptopu ya jirani kifaa cha Microsoft kiitwacho Safety Scanner. Ni cha bure, na huisha nguvu siku 10 baada ya kukipakua ili usitumie orodha iliyochacha. Nikaiwasha kompyuta katika hali salama, ile inayopakia vitu vya lazima tu, unayoifikia kwa kushikilia Shift ukibonyeza kuwasha upya. Nikaanza ukaguzi kamili saa moja usiku. Diski yetu ni ya zamani, ile inayozunguka na kulia kama jongoo kwenye bati. Saa nne na nusu ilikuwa imefika robo tatu na kuhesabu vitu sita. Stima ikapotea.

Sitaeleza nilichosema. Watoto walikuwa wamelala.

*

Jumapili baada ya kanisa nilimaliza ukaguzi. Vitu saba. Kompyuta ikawa nyepesi, ngao kijani, tovuti zote zinafunguka. Mume wangu akasema imepona. Nami nilikaa mbele yake nikaona siiamini. Kitu kilichokaa ndani siku tatu na haki zote za msimamizi kingeweza kubadilisha lolote, na ukaguzi unakuambia kilichopatikana tu. Pesa za akina mama 14 zimeandikwa humo.

Nikaformati. Nyaraka na picha kwanza kwenye diski ya nje, bila kuchukua programu hata moja, nikazikagua kwenye laptopu ya jirani. Kisha flashi ya giga 8 yenye Windows safi kutoka kwa wenyewe, nikafuta diski yote, nikaweka upya. Ilichukua chini ya saa mbili, na najuta nilivyoiogopa miaka yote.

Ila kuna jambo lililonikaa rohoni. Kompyuta za ofisini za miaka hiyo, kama yetu, mara nyingi zilitoka kiwandani na ufunguo wa Windows umeandikwa ndani ya bodi yenyewe. Niliweka toleo linalolingana na ufunguo huo, nikaunganisha mtandao, nikaenda kugeuza mboga. Niliporudi ilikuwa imeandika kwamba imethibitishwa. Leseni halali. Ilikuwamo tangu siku ya kwanza, imelipwa na ofisi fulani ya Uingereza, na fundi akaweka bandia juu yake na kunitoza shilingi 1,500 za kazi.

Sasa kuna akaunti nne. Yangu pekee ndiyo ya msimamizi, ina nywila, na hata mimi siitumii kwa kazi za kila siku. Nina nyingine ya kawaida kama watoto. Programu ikitaka kubadilisha kitu, skrini inaingia giza na kuomba nywila ya msimamizi, na mpwa wangu ananiita kutoka sebuleni. Namwambia anisomee jina la mchapishaji. Anasoma kwa sauti ya mtu anayeonewa. Siku hizi anahariri kwa programu ya bure, ya halali, na analalamika kwamba ni nzito. Ni nzito kweli. Betri nilibadilisha pia, nikiwa humo ndani. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji chetu ni cha kizazi cha 6 wakati Windows 11 inataka kuanzia cha 8, kwa hiyo tuko kwenye mwaka wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026. Baada ya hapo nitajua la kufanya, au nitashona sare nyingi zaidi.

Mwezi uliopita chama kilikutana kwa katibu wetu, Donholm. Nilikuwa nimeombwa nieleze kisa hiki kwa kifupi ili wanachama wajue vitabu vyao viko salama. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilifika kwenye swichi ya kijivu na maandishi mekundu, katibu akaweka kikombe chini.

"Ya kusimamiwa na msimamizi? Hata yangu inaandika hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu niinunue. Nilidhani ndiyo kawaida yake."

Nikamuuliza nani alimwekea Windows.

"Si ni yule fundi wa mjini," akasema, "yule uliyenipa namba yake."